Gari Lililovuja Koboko Tu

Nimestaafu ufundi wa magari nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi, ana fimbo, na ana faili la pensheni. Mimi nina mikono miwili ambayo daktari wa ngozi aliitazama kwa dakika moja akasema imekataa oili na petroli. Nilimwuliza amejuaje. Akasema amesoma. Nikamwambia hata mimi nimesoma, na kusoma si ushahidi. Basi akanipaka oili kidogo mkononi, akafunga bandeji, akaniambia nirudi kesho kutwa. Niliporudi mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Huo ndio ushahidi ninaoupenda, ingawa ningeufurahia zaidi kwenye mkono wa mtu mwingine.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, mliolala chini ya magari sasa hivi katika gereji za Arua na Koboko huku kwetu West Nile, mna mchanga kwenye nywele na simu mfukoni yenye video ya mtu wa ng'ambo anayerekebisha kila kitu kwa dakika nne akiwa amevaa glavu safi. Sitawaambia kwamba zamani sisi tulikuwa bora. Zamani yangu ina miaka minane tu, na sehemu kubwa yake nilikuwa nakosea. Nataka kuwaeleza habari ya oili inayovuja kwenye sensa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya fundi, na hiyo hiyo ilikaribia kunivua ovaroli mbele ya watu.

Naitwa Ezaru, wa Pajulu. Nilisoma fizikia chuo kikuu, nikarudi nyumbani na cheti, na cheti kikakaa miaka miwili ndani ya sanduku la mama pamoja na vitenge vya sikukuu. Siku moja baba alipeleka pikapu yake kwa Mzee Kamis, fundi Mnubi mwenye gereji chini ya Arua Hill, nami nikamsindikiza kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Babu yake Mzee Kamis alikuja kutoka Sudani akiwa askari. Bunduki haikurithiwa, ila sauti ya kuamrisha ilifika kwa mjukuu ikiwa nzima. Nilimkuta anagonga stata kwa nyundo.

"Kwa nini unaigonga?" nikauliza.

"Inasikia."

"Inasikiaje?"

Akanitazama, akanipa nyundo. "Uliza yeye mwenyewe."

Niligonga, injini ikawaka. Nikauliza swali la tatu na la nne. Jioni baba aliondoka na pikapu, mimi nikabaki. Mama naye akatangaza Pajulu nzima kwamba binti yake ni injinia mjini. Kumbukeni hilo la mama, maana lilikuwa zito kuliko injini yoyote niliyowahi kuinua. Kurudi nyumbani kungekuwa kurudi kumfanya mama mwongo.

Sasa, kila gereji ina dini yake. Ya Mzee Kamis ilikuwa kuogesha injini. Gari likiingia linavuja, tunalikaza hapa, tunapaka gamu ya silikoni pale, halafu kabla mwenyewe hajafika Mzee anaiogesha injini kwa maji ya moto na sabuni mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi. Mteja anafungua boneti, anaona uso wake, anaondoka ameridhika. "Injini safi ni injini imepona," Mzee alisema, na hakuna aliyembishia.

Nilianza kumbishia baada ya kuona jambo moja. Wateja wa mjini walirudi baada ya wiki mbili tatu. Wateja wa Koboko walipiga simu siku hiyo hiyo, wakifika tu nyumbani.

"Koboko iko na joto mbaya," Mzee alinieleza. "Na upepo ya Sudani. Oili ya Arua haipendi."

"Oili inajuaje imefika Koboko?"

"Biniya," akasema, na hilo ni neno la Kinubi la kumwita msichana ambaye bado unamvumilia, "wewe ulisoma kitu gani huko? Kusumbua?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi mno, na kwa hiyo hakuna aliyelitaka. Safari ya Koboko ndiyo safari ya kwanza ndefu ambayo gari lililooshwa lilifanya. Tulikuwa tunaosha ushahidi, ushahidi unazaliwa upya njiani, unafika Koboko na mteja. Joto na upepo havikuwa na kosa.

Msinione mjanja. Katika mwaka huo huo mimi mwenyewe nilifanya kosa lililokuwa baya kuliko kuogesha. Gari la mfanyabiashara wa samaki lilivuja kwenye swichi ya presha ya oili. Hiyo ni sensa ndogo kama kizibo, imefungwa kwa skrubu yake ubavuni mwa injini. Kazi yake ni kuwasha taa nyekundu kwenye dashibodi presha ya oili ikishuka. Niliifungua, nikaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mitano, nikaifunga. Haikuvuja tena hata tone. Zaidi ya hapo, taa nyekundu iliyokuwa ikimsumbua tajiri ikazimika kabisa. Alinisifu. Mzee alinisifu. Mimi nilijisifu kwa siku tatu, mpaka usiku mmoja nikashtuka kitandani: taa hiyo inatakiwa iwake kidogo kabla injini haijawashwa. Kwa nini haikuwaka hata hapo? Kwa sababu swichi ile ina waya mmoja tu. Umeme unarudi kupitia mwili wake, chuma kwa chuma, na mimi nilikuwa nimeivika kanzu ya plastiki. Nilikuwa nimemziba mlinzi mdomo halafu nafurahia usiku mtulivu. Nilimkimbilia yule bwana alfajiri kabla hajaondoka kwenda ziwani. Kwa hiyo shikeni hili: kwenye swichi ya namna hiyo tumia gamu ya nyuzi za skrubu, kidogo tu, kwenye nyuzi za katikati. Tena usiikaze kwa hasira. Inakaa kwenye alumini, na alumini haina msamaha.

Kosa jingine nitalitaja haraka kwa sababu bado linafanyika, nimeliona mwezi uliopita. Sensa nyingine hazina nyuzi. Zinachomekwa kwenye tundu na kushikwa na boliti moja, spana namba kumi, na kinachozuia oili ni pete ndogo ya mpira. Pete ikizeeka inakuwa ngumu kama ukucha. Msikate pete mpya kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Nilikata, ikatosha vizuri mno, na baada ya wiki ilikuwa imekunywa oili na kunenepa ikatoka nje ya tundu kama ulimi wa mbuzi. Tafuta pete ya oili, ipime na ile ya zamani, ipake oili safi, uisukume kwa kuzungusha. Usipake silikoni. Najua mtapaka. Nawaambia tu ili mkipaka mjue kwamba niliwaambia.

Basi sasa tufike kwa gari la Lemi.

Lemi alikuwa Mkakwa wa Koboko, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole kabisa mpaka ashike usukani. Gari lake lilikuwa la Kijapani, la buluu, lenye turbo na tundu la pua juu ya boneti, na bomba la ekzosi ambalo ungeweza kuingiza ngumi. Jumanne moja tulilisikia likiwa bado mbali na mjini, na tulipoliona lilikuwa linatoa moshi nyuma ya injini, na harufu ya oili iliyoungua.

"Mzee, Jumamosi iko mbio pale Midia," Lemi alisema. "Watu ya kwetu yote wanajua mimi nitakimbia. Polisi wametoa ruhusa. Mama yangu amechinja kuku kabla hata ya kushinda."

Mzee Kamis aliingia chini, akatoka na kidole cheusi. "Sili ya nyuma imekufa. Ile pete ya mpira ya krenki. Oili inaanguka nyuma kabisa, juu ya bomba ya moto. Tutatoa injini yote. Wiki mbili, tatu."

Lemi alikaa juu ya tairi kuukuu kama aliyepewa habari za msiba.

Mimi nilikuwa nimeshainama juu ya injini. Ubavuni, karibu na nyuma, niliona swichi ya presha ya oili, rafiki yangu wa zamani, na chini yake kumelowa. "Mzee, umeona oili inatoka kwa sili?"

"Nimeona inaanguka hapo."

"Kuanguka na kutoka ni kitu moja?"

"Mvua inaanguka hapa, inatoka juu. Sasa tutoboe mbingu?"

Mafundi wote waliacha kazi. Mama Afeku, aliyekuwa akituuzia chakula kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wetu, alisimama na mwiko mkononi. Nilipaswa kunyamaza. Nikasema, "Ni swichi ya presha. Nusu saa ya kazi. Hakuna haja ya kutoa injini."

Mzee Kamis alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, namna alivyofanya alipokuwa na hasira ya kweli. "Sawa. Kama ni hiyo kaswichi, mimi nitakuita fundi mbele ya mutu yote. Kama si hiyo, unavua ovaroli, unarudi Pajulu kwa vitabu yako. Nimechoka na maswali, biniya. Hii ni gereji, haiko mahakama."

Hapo ndipo nilipomwona mama kichwani mwangu, anaelezea majirani. Hata hivyo nikasema sawa. Ulimi wangu haujawahi kuniuliza ruhusa.

Jumatano nilibadilisha swichi. Gari likavuja vile vile.

Ndiyo, mnaweza kucheka tena. Lakini sikuwa tayari kuvua, kwa sababu hata sili ya Mzee haikuwa imethibitishwa na mtu yeyote. Pengine swichi mpya ilikuwa mbovu nayo, nilijiambia. Nilihitaji kuiona oili ikitoka, si ikiwa imeshatoka. Injini iliyolowa kote haikuambii kitu. Oili hutambaa, hupeperushwa na feni, hupaka majirani. Nilikwenda kwa Mama Afeku.

"Naomba unga ya muhogo, mama. Ile kavu sana."

"Ya kula?"

"Ya kumwaga kwa injini."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kama unasumbuka na mawazo, mchungaji wetu anaombea watu Jumapili."

Alinipa bakuli. Jumatano jioni nilisafisha injini, nikaikausha kabisa, nikachukua soksi safi, nikaijaza unga na kuitikisa juu ya kila kona mpaka injini ikawa nyeupe kama keki. Jifunzeni hili, maana ndilo jambo bora nililowahi kugundua: unga mkavu wa muhogo hushika oili mahali pale pale inapotokea, na alama yake ni nyeusi juu ya nyeupe, hata mtoto anaiona. Alhamisi asubuhi ningewasha injini, ningesubiri, ningeonyesha.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwanza kutafuta pete ya oili ya gari jingine kwenye duka la vipuri. Nilirudi nikakuta mvuke.

Lemi alikuwa amepiga simu kwamba anakuja kuangalia gari. Na kwa kuwa mteja anakuja, Mzee Kamis alifanya alichokifanya kwa miaka arobaini. Aliwasha injini ipate joto uchafu ulainike, akafungua boneti, akaona uchafu mweupe ambao hakuuelewa, akachemsha birika kubwa, akamwaga.

Unga mkavu wa muhogo, maji yanayochemka, injini ya moto. Mtu yeyote wa West Nile anajua hapo unapata nini. Enyasa, ugali wetu wa muhogo, ulikuwa umeiva juu ya injini, laini, unaovutika, umeingia kwenye kila mfereji. Mzee alikuwa anaukwangua kwa bisibisi, na kadiri alivyokwangua ndivyo alivyousonga.

Lemi aliwasili hapo. Alitazama kwa muda mrefu. "Mzee," akasema kwa upole, "mumepika?"

Mama Afeku alichungulia juu ya bega lake. "Imepikwa vizuri," alisema. "Lakini mboga iko wapi?"

Mzee hakucheka. Mimi pia sikucheka, maana ushahidi wangu ulikuwa unavutwa kwa bisibisi kama ulimbo. Ilituchukua mchana mzima, watu watatu na mswaki, kuondoa enyasa. Tulipomaliza Mzee alisema, bila kunitazama, "Kesho. Kama hujaonyesha kesho, unavua."

"Nitaonyesha Koboko," nikasema.

"Kwa nini Koboko?"

"Kwa sababu magari yetu yote yanavuja Koboko. Twende na gari, na unga, bila maji. Wewe pia uje uone. Na birika ibaki hapa."

Alifikiri. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. "Nitaswali Koboko," akasema. "Lakini naenda kwa sababu ya swala, siyo ya unga."

Ijumaa tukaondoka: Lemi kwenye usukani, Mzee mbele ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mimi nyuma na ovaroli yangu, soksi ya unga na mtungi wa kuzimia moto magotini. Huo mtungi haukuwa mzaha. Oili juu ya bomba la turbo inaweza kuwaka, na gari linalowaka haliulizi nani alikuwa sahihi. Nilimwapisha Lemi aendeshe polepole. Kila baada ya kilomita kumi na tano tulisimama na kufungua boneti.

Kituo cha kwanza: nyeupe kote. Cha pili: nyeupe. Swichi yangu ilikuwa kavu kama jiwe la kusagia. Kila tuliposimama watu walikusanyika, na mwanamke mmoja mwenye jembe begani aliuliza kama gari linapelekwa kuzikwa, kwa vile limepakwa nyeupe. Cha tatu: nyeupe. Mzee aliinama, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, akatazama sehemu ya nyuma pale sili yake ingekuwa imevuja. Nayo nyeupe. Aliinuka, akafunga boneti mwenyewe.

Tulipofika Koboko, nyuma ya injini kulikuwa na tone. Tuliliona likining'inia, likakua, likaanguka kwenye bomba la moto na kulia *chsss*. Halikuwa limetoka kwenye swichi. Halikuwa limetoka kwenye sili. Unga kote kulizunguka ulikuwa safi. Tone lilikuwa linatoka mwisho wa bomba jembamba la plastiki, lile lenye mikunjo ambalo nyaya hupita ndani yake.

"Waya inavuja oili?" Lemi akauliza. "Waya?"

Nilisimama pale na shahada yangu. Waya hauna oili. Ninyi mnaopenda kuuliza maswali, jueni kwamba kuna siku swali linabaki mkononi mwako kama kuku uliyemkamata na hujui ni wa nani.

Mzee Kamis ndiye aliyefuata bomba lile kwa vidole, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele, mpaka juu kabisa ya injini, kwenye sensa ya kamshafti. Hiyo ndiyo inayonusa mzunguko wa shafti ya juu na kuiambia kompyuta ya gari. Nje ilikuwa nyeupe, safi. Akabonyeza kishikio, akavuta soketi ya nyaya. Ndani ya soketi kulikuwa kumejaa oili.

"Oili iko ndani ya mwili ya sensa," alisema polepole. "Inapita katikati, inaingia waya." Akanigeukia. "Nyumbani kwenu mulikuwa na koroboi?"

"Ndiyo, taa ya utambi."

"Mafuta ilipandaje juu?"

Mungu wangu. Nilikuwa nimefanya mtihani wa jambo hilo, nikapata alama nzuri, nikachora hata mchoro. Kimiminika hupanda kwenye njia nyembamba. Nyuzi za shaba ndani ya waya zilikuwa utambi. Oili ilikuwa inanyonywa kutoka kwenye sensa iliyopasuka ndani, inasafiri ndani ya waya na ndani ya bomba bila kugusa unga wangu, inateremka nyuma ya injini, na kudondoka pale ambapo mtu yeyote angeapa kwamba sili imekufa. Mimi nilijua kanuni na sikuiona. Yeye aliiona na hakujua kwamba ni kanuni.

Nikavuta zipu. Ndani nilivaa fulana na suruali, msiwe na wasiwasi. "Si swichi," nikasema. "Nilisema swichi. Nimekosea."

Watu wa Koboko, ambao tayari walikuwa kama thelathini, walisogea karibu.

"Unafanya nini?" Mzee akauliza.

"Navua. Tulikubaliana."

"Na mimi nilisema sili. Mimi nivue nini?" Akajitazama. "Mimi niko na kanzu tu. Nikivua, Koboko itaona mambo. Funga zipu, fundi. Watu wanaenda kuswali hapa."

Alilitamka hilo neno mbele ya watu wote, halafu akaenda msikitini haraka kabla sijauliza swali.

Sensa mpya ilikuwa Kampala. Lakini nyuma ya duka moja la vipuri kulikuwa na mzoga wa gari la familia, la kampuni ile ile iliyotengeneza la Lemi, lililomaliza maisha yake likibeba muhogo na mbuzi kutoka Midia kuja sokoni. Sensa zilikuwa ndugu mapacha. Lemi alikataa mwanzoni. Gari la mbio haliwezi kupewa kiungo cha gari la mbuzi. Nilimwonyesha namba zilizochongwa juu ya zote mbili, akatoa pochi. Kujaribu sensa ya namna hiyo ni rahisi: isafishe, weka midomo upande wa soketi, vuta pumzi. Ya zamani ilipitisha hewa kama filimbi. Ya mbuzi ilinata kwenye mdomo. Tulitia pete mpya, tukaifunga, tukasafisha soketi na kukausha nyaya, na bomba nikalikata na kulitupa, kwa kuwa oili iliyobaki humo ingeendelea kudondoka na kutuletea kesi mpya. Pia nilifuatilia waya mpaka karibu na kompyuta. Oili ilikuwa imebakiza urefu wa mkono. Msiache kutazama hapo. Sensa ni ndogo, kompyuta ni kilio.

Jumamosi Lemi alikimbia. Mtataka kujua kama alishinda. Kona ya tatu aliingia kwenye shamba la muhogo, akapita mistari kumi na miwili na kusimama katikati, hana jeraha, anatabasamu. Tulipofungua boneti kulikuwa na majani ya muhogo mpaka kwenye feni. Hakukuwa na tone la oili. Mzee Kamis alichukua jani moja, akalifuta juu ya sensa, akalionyesha umati pande zote mbili kama kasisi. Mama yake Lemi aligawa kuku hata hivyo.

Tangu siku hiyo birika la Mzee likawa la chai tu, na mfuko wa unga ukaning'inia kwenye msumari kando ya spana. Simu za Koboko zikapungua. Baada ya mwaka nilimsikia akimweleza mteja kwamba dawa ya unga aliirithi kwa babu yake askari, aliyeitumia kwenye bunduki. Kila ninachosikia nakitilia shaka na kukiuliza maswali, lakini hicho nilikiacha kipite.

Siku niliyotoka kwa daktari wa ngozi nilikwenda moja kwa moja gereji, nikavua ovaroli, nikaikunja, nikampa Mzee. Hakuipokea.

"Ulikosea wapi?" akauliza.

"Sikukosea popote. Ni ngozi."

"Tulikubaliana nini siku ile? Mutu akikosea, anavua. Wewe hujakosea, unavua ya nini?"

Nilimwonyesha mikono. Aliitazama, akaigeuza, kama alivyotazama sensa ile. Akachukua ovaroli, akaitundika kwenye msumari juu ya mfuko wa unga. Iko hapo mpaka leo. Imeanza kuwa nyeupe chini. Kila Ijumaa baada ya swala ananipigia simu, ananieleza gari lililokuja, linavuja wapi, yeye anafikiri nini. Mimi namwuliza kama ameona oili ikitoka, au ameona ikianguka.

Halafu nasikia kofi la mkono kwenye mfuko wa unga.